SOMO: MWINDO WA WALIKALE NA THOR WA KASKAZINI



Somo la ukurasa huu ni juu ya hadithi ambazo vijana wanazipenda sana siku hizi: hadithi za safari ndefu, za majitu, za nyoka wakubwa na silaha zenye nguvu, zilizotungwa kutoka masimulizi ya zamani ya watu wa Ulaya ya Kaskazini. Nimechagua somo hili kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mabishano. Katika mabweni yetu wengine wanasema vitabu hivyo ni vya mashetani, Mukristo asivishike hata kwa mukono. Wengine wanavisoma kwa tochi chini ya blanketi, saa ya kulala. (Hao wa tochi nawajua mumoja mumoja, lakini leo siandiki majina.) Inafaa tuongee jambo hili muchana, kwa akili, kuliko kubishana usiku.

Sababu ya pili inapita ile ya kwanza. Ukiuliza katika darasa lolote hapa, «Thor ni nani?», mikono mingi inainuka, ju ya ile filme ya mwaka 2011 na ju ya michezo ya telefone. Ukiuliza «Mwindo ni nani?», mikono inabaki juu ya meza. Kumbe Mwindo ni jirani. Barabara inayoachana na yetu pale Miti, inayopita katika pori ya Kahuzi-Biega, Bunyakiri na Hombo, ndiyo inayoenda Walikale, inchi ya Wanyanga, na Mwindo ni shujaa wao. Namna gani tumujue mugeni wa mbali na tusimujue jirani?

I. WATU WA KASKAZINI NA MIUNGU YAO YA ZAMANI

Kaskazini ya Ulaya kuna inchi za Norwe, Uswidi, Denmaki na kisiwa cha Aislandi. Mbele ya kupokea Injili, watu wa kule waliabudu miungu mingi. Odin alikuwa mukubwa wao; anahadithiwa kwamba alitoa jicho lake moja ili anywe maji ya kisima cha hekima. Thor, mwana wake, alikuwa mwenye radi. Alishika nyundo iliyoitwa Mjöllnir, na akiitupa inapiga halafu inarudi katika mukono wake. Loki alikuwa mujanja, leo anasaidia, kesho anaharibu. Baharini kulikuwa nyoka Jörmungandr, murefu hata anazunguka dunia yote na kujiuma mukia. Kulikuwa pia na mbwa wa mwitu Fenrir, aliyefungwa kwa kamba nyembamba kama utepe. Ju ya kumufunga, mungu Tyr alipoteza mukono wake.

Jambo la ajabu katika hadithi hizo ni kwamba hao miungu wanakufa. Wanajua toka mwanzo kuna siku ya mwisho inayoitwa Ragnarök. Siku ile Fenrir atamumeza Odin. Thor atamuua yule nyoka, lakini kiisha atatembea hatua tisa tu na kuanguka, ameuawa na sumu. Watu wa zamani wa kule waliishi katika baridi kali na giza ya miezi mingi, na hadithi yao inasema: pigana vizuri hata kama unajua utashindwa.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu. Wajukuu wa watu hao ndio waliokuja hapa kwetu. Kuanzia miaka ya 1920, wamisionari wa Uswidi na Norwe walifika upande wa Uvira na Kaziba, wakahubiri, wakajenga shule na nyumba za wagonjwa. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kivu ya Kusini yametoka katika kazi yao. Watu ambao babu zao walimuogopa Thor ndio waliotuletea Biblia. Tena mpaka leo, katika luga ya Norwe, siku ya ine ya juma inaitwa «torsdag», maana yake siku ya Thor. Muchungaji wa kule anaitaja kila juma bila kumuabudu mutu. Na sisi tunaosoma Kifaransa, je? Tunaandika «jeudi» juu ya kila kayee, na neno lile linatoka kwa Jupiter, mungu wa Waroma. Hakuna mwanafunzi hapa ambaye amekuwa mupagani ju ya kuandika tarehe.

II. NANI ALIYEANDIKA HADITHI HIZO?

Hapa ndipo wengi hawajui. Watu wa Aislandi walikubali Ukristo katika mukutano wao mukubwa karibu na mwaka 1000. Miaka kama 220 nyuma yake, mutu mumoja aliyeitwa Snorri Sturluson, aliyezaliwa 1179, aliandika kitabu kinachoitwa Edda. Snorri alikuwa Mukristo. Sababu gani basi aliandika juu ya Odin na Thor?

Alikiandika kama kitabu cha shule. Mashairi ya wazee yalijaa mafumbo yaliyotoka katika hadithi za zamani. Mufano, mushairi hakusema «zahabu». Alitumia jina la fumbo, na mwenye kutojua hadithi hakusikia kitu. Snorri aliona vijana wa wakati wake wanaanza kupoteza maana. Akaandika hadithi zote ili wapate kusoma mashairi ya babu zao na kutunga yao. Tena aliwaonya wazi kwamba Mukristo hapaswi kuiamini miungu hiyo. Aliwaeleza kama watu wa zamani ambao wengine waliwafanya miungu. Snorri aliuawa mwaka 1241 katika mabishano ya wakubwa, lakini kitabu chake kilibaki.

Kuna kitabu kingine, cha mashairi ya zamani, kilichoandikwa juu ya ngozi karibu na mwaka 1270. Kilikaa kimefichwa kwa muda murefu, hata askofu mumoja wa Aislandi akakipata mwaka 1643. Kilipelekwa kwa mufalme wa Denmaki. Watu wa Aislandi walikidai, na mwaka 1971 kilirudishwa kwao katika mashua ya vita, na watu wengi walingoja bandarini kukipokea. Wazieni hiyo: inchi nzima inasimama pwani kungojea kitabu kimoja cha hadithi.

Kama Snorri angekaa kimya, leo hakuna filme ya Thor, hakuna muchezo wa telefone, hakuna kitabu cha kusomea chini ya blanketi. Yote inatoka katika kalamu ya Wakristo ambao waliona kwamba si lazima kuabudu kitu ili kukiandika.

III. VITABU VYA VIJANA

Toka pale, waandishi wengi wamechota katika kisima kile. Nitataja wachache.

1. J. R. R. Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu Uingereza na Mukatoliki mwenye bidii, aliandika The Hobbit mwaka 1937. Majina ya watu wafupi wanaochimba zahabu katika kitabu kile, hata jina la muzee Gandalf, ameyatoa katika shairi la zamani la Aislandi. Rafiki yake C. S. Lewis alizipenda hadithi za Kaskazini toka utoto. Mwaka 1931 waliongea usiku murefu juu ya hadithi za zamani na Injili, na mazungumzo yale yalisaidia Lewis kumuamini Kristo. Kiisha akaandika vitabu saba vya Narnia (1950 hata 1956).

2. Nancy Farmer, Mumarekani aliyekaa miaka mingi Zimbabwe, aliandika The Sea of Trolls mwaka 2004, juu ya kijana aliyetekwa na watu wa Kaskazini.

3. Rick Riordan, Mumarekani, aliyekuwa mwalimu wa shule ya sekondari, aliandika vitabu vitatu vya Magnus Chase kati ya 2015 na 2017. Magnus ana miaka 16, mama yake ameuawa, analala katika njia za muji wa Boston. Anakufa katika mwanzo wa kitabu cha kwanza, na safari yake inaanzia pale. Ana rafiki kiziwi anayeongea kwa mikono, na rafiki Muislamu, Samirah, ambaye anasali sala zake. Samirah anakutana na hao wanaoitwa miungu uso kwa uso, na anasema wazi kwamba kwake Mungu ni mumoja tu. Katika kitabu cha mwisho Magnus anamushinda Loki katika mashindano ya matusi. Anamushinda namna gani? Anaacha kutukana, anaanza kuwasifu rafiki zake mumoja mumoja. Hiyo ni fundisho kwa wale wa bweni letu wanaojua kutukana kuliko kusoma.

Kwa kifupi, hadithi za namna hii zina mifupa inayofanana: (a) mutoto asiyetakiwa, (b) kitu chenye nguvu anachopewa, (c) wasaidizi wadogo ambao watu wanawazarau, (d) kushuka kwa wafu, (e) kupoteza yote, (f) kurudi, na kujifunza kutawala. Shikeni mifupa hii sita, tutaitumia sasa hivi.

IV. MWINDO, ALIYEZALIWA AKITEMBEA

Mwaka 1956, katika inchi ya Wanyanga, muzee mumoja aliyeitwa Candi Rureke alisimama kuhadithia. Alivaa njuga miguuni, akashika kibuyu chenye mbegu mukono mumoja na mukia wa kufukuzia nzi mukono mwingine. Aliimba, alicheza, aliongea, na vijana wakimupigia fimbo juu ya ubao. Hadithi ilichukua siku kumi na mbili. Walioandika walikuwa Daniel Biebuyck, Mubelgiji, na Kahombo Mateene, kijana Munyanga ambaye nyuma yake alikuwa mwalimu mukubwa wa luga. Kitabu chao kilitoka Marekani mwaka 1969, katika Kinyanga na Kiingereza. Biebuyck alifanya utafiti wake na IRSAC, ile taasisi iliyoanzishwa 1947 na ambayo kituo chake kikubwa kilijengwa Lwiro, pale pale jirani yetu! Tunapita mbele ya Lwiro na kufikiri kazi ya kule ni nyani na mitetemeko ya inchi tu.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi sana, ni hii.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, alioa wanawake saba, akatangaza: ninyi wote muzae binti tu, mutoto mwanaume atauawa. Wanawake sita wakazaa binti. Wa saba, aliyependwa, mimba yake ikakawia. Kiisha mutoto akatoka kwa kidole cha katikati cha mama yake, akicheka, akiongea, akitembea. Kwa sababu hiyo anaitwa Kabutwa-kenda, yaani mudogo aliyezaliwa akaenda. Mukononi alishika conga, mukia wa mbogo, pamoja na tezo, na begani mufuko wa bahati wenye kamba ndefu ndani.

Baba akatupa mikuki katika nyumba, haikumupata. Akaamuru wamuzike muzima. Usiku akatoka kaburini. Akamufungia ndani ya ngoma na kumutupa mutoni. Ngoma ikapanda juu ya maji na mutoto akaimba ndani yake. Akafuata njia ya maji hata kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mukubwa wa maji. Pale maadui wakachimba mashimo na kuweka wembe ndani. Nani alimusaidia? Si simba. Ni Katee, kanyama ka kuchimba inchi, aliyemutobolea njia chini ya udongo, na buibui aliyefunika mashimo.

Mwindo akarudi Tubondo, na Nkuba, yaani radi, akateketeza muji kwa mapigo saba. Shemwindo akakimbia. Akangoa jani moja na kuingia katika shimo la muzizi wake, akashuka kwa wafu. Mwindo akamufuata, akimuachia shangazi ncha ya kamba: kama kamba inatikisika, mimi ni muzima, kama imetulia, nimekufa. Kule chini Muisa, mwenye inchi ile, akamupa kazi zisizowezekana: kupanda shamba la ndizi na kuvuna siku ile ile, kutoa asali katika muti mugumu. Akamuua kwa mukaba wake, na conga ikamufufua. Kwa Sheburungu akacheza muchezo wa mbegu, akapoteza mali, ngombe, watu, hata shangazi yake. Akabaki na conga tu. Akaiweka hiyo pia, akashinda, akarudishiwa yote, na baba yake akakamatwa.

Sasa, hapa kila musomaji anangoja damu. Lakini Mwindo hakumuua baba yake. Alimurudisha nyumbani, akamupa chakula, akawafufua watu wa Tubondo kwa conga. Katika mukutano mukubwa Shemwindo akakiri makosa yake mbele ya watu wote, na Iyangura, mwanamuke, akamukaripia mwami wazi. Shemwindo akavua vitu vya umwami na kumuvika mwana wake.

Hadithi haiishi pale. Mwindo, sasa mwami mwenye majivuno, akamuua Kirimu, joka la vichwa saba, kwa kuwa lilikula watu wake. Hakujua kwamba Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba. Nkuba akashuka, akamupandisha mbinguni. Mwaka muzima Mwindo alikaa kule katika baridi, mvua ikimunyeshea, jua likimuchoma, na hawakusikiliza majivuno yake. Aliporudi aliwapa watu sheria: walime vyakula mbalimbali, wasiingilie ndoa ya mutu mwingine, wasimucheke kilema. Shujaa aliyezaliwa akijua kila kitu alipaswa kujifunza kwa mateso.

V. TUWALINGANISHE

Chukueni ile mifupa sita. Magnus ni mutoto wa barabarani. Mwindo anatupwa na baba. Thor ana nyundo. Mwindo ana mukia wa mbogo. Nyoka wa Kaskazini anazunguka bahari. Mukiti anakaa chini ya maji mazito. Hermod wa Kaskazini alishuka kwa wafu kumutafuta ndugu yake Baldr. Mwindo alishuka kumutafuta baba. Thor alipewa na jitu mashindano yasiyowezekana, kunywa pembe ambayo ncha yake iko baharini. Mwindo alipewa shamba la ndizi la siku moja. Na radi! Kaskazini radi ni Thor. Kwa Wanyanga ni Nkuba, na sisi Wabashi tunaiita nkuba pia. Hakuna mutoto wa Kivu asiyejua sababu gani radi ni mutu mukubwa katika hadithi. Watu wa elimu waliopima radi kutoka angani walikuta kwamba Kifuka, kijiji cha milima ya mashariki ya inchi yetu, kinapata mapigo 158 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Hata mwaka 2016 kilihesabiwa cha kwanza duniani, halafu ziwa la Maracaibo la Venezuela likapita mbele.

Lakini tuone pia tofauti. Hadithi ya Kaskazini inafika katika moto; Odin na Thor wanakufa, na dunia yao inateketea. Hadithi ya Mwindo inaishia katika mukutano na sheria. Kwa Kaskazini ushujaa ni kufa vizuri. Kwa Wanyanga ushujaa ni kumurudisha baba muovu akiwa hai, na kiisha kukubali kufundishwa. Mimi nafikiri kwa sisi watu wa Kivu, ambao tangu 1996 tumeona vita kupita kiasi, fundisho la pili ndilo linatufaa. Kila upande kwetu una Shemwindo wake wa kumulipiza. Kumuua ni rahisi kuhadithia. Kumuketisha katika mukutano, aseme makosa yake mbele ya watu, ndiyo kazi ya shujaa.

Tena kuna jambo la nyumbani. Mpaka leo kuna watoto wanaofukuzwa kwao ju ya kuitwa wachawi, na binti wanaohesabiwa kama hasara. Shemwindo alichagua watoto wa kutaka na wasiotakiwa, na muji wake uliteketea. Mutu akisoma hivyo, hawezi kumutazama mutoto wa barabarani kwa jicho la zamani.

VI. JE, MUKRISTO ANAWEZA KUSOMA HADITHI HIZI?

Nimewasikiliza wale wanaokataa, na sitaki kuwacheka. Wanaogopa kitu cha kweli. Kuna watu ambao wanaenda kwa mufumu usiku na kanisani muchana, na hadithi inaweza kuwa mulango. Basi tuweke mipaka.

Kwanza, tuangalie Biblia. Danieli na rafiki zake walisoma elimu na luga ya Wakaldayo, na hao rafiki hawakuinama mbele ya sanamu. Paulo, pale Atene (Matendo 17), alitumia maneno ya washairi wa Wayunani kuhubiri. Basi alikuwa ameyasoma. Lakini pale Listra (Matendo 14), watu walipomuita yeye na Barnaba miungu, walipasua mavazi yao na kukataa. Yaani kujua ni jambo moja, kuabudu ni jambo lingine.

Pili, tujiulize maswali matatu juu ya kila kitabu: Kinanifundisha kupenda nini? Ninakisoma kama hadithi ao kama sala? Nyuma ya kukisoma, ninamutendea jirani vizuri zaidi ao vibaya zaidi? Kitabu kinachoshindwa katika maswali haya tukiache, hata kama ndani yake hakuna jina la mungu wa zamani hata moja. Filme nyingi za bunduki hazina Odin, na zinaharibu roho za watu.

Tatu, tusiwe na mizani mbili. Wengine wanakubali Thor kwa kuwa ni wa Wazungu, «ni filme tu», halafu wanaita hadithi ya bibi yao ushetani. Ama zote mbili ni hadithi, ama zote mbili ni hatari. Kumukubali Thor na kumufukuza Mwindo si imani, ni haya ya kuwa sisi.

VII. KAZI YETU

Mwaka 2008 Mumarekani mumoja, Aaron Shepard, aliitoa hadithi ya Mwindo kwa watoto katika Kiingereza, katika kitabu The Magic Flyswatter. Ni vizuri, na tumushukuru. Lakini munaona hatari: watoto wa mbali wanaweza kumujua Mwindo mbele ya watoto wa Kavumu. Na Wanyanga si peke yao. Warega wana hadithi ndefu ya shujaa Mubila. Pwani kuna Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa alimuandikia utenzi mwaka 1913. Kwetu Bushi kuna masimulizi ya Lyangombe na ya bami wa zamani. Muzee Rureke alipata mutu wa kuandika. Wazee wangapi wamekimbia vita na kufia katika kambi, mbali na kijiji, bila mutu wa kuwauliza hata swali moja?

Kwa hiyo mimi, kama kiongozi wa wanafunzi, nawaomba kila mumoja afanye kazi hii wakati wa likizo:

1. Tafuta muzee mumoja: bibi, babu, shangazi, ao jirani. Mupe salamu kwa heshima, musaidie kazi yake kwanza, ndipo uombe hadithi. Usiende na haraka ya mutu wa mashini.

2. Andika katika luga anayosema: Mashi, Kihavu, Kirega, Kinyanga, Kifuliru. Kiswahili na Kifaransa vitakuja nyuma.

3. Andika jina la kijiji, tarehe, na nani alimuhadithia yeye. Kama hataki jina lake liandikwe, heshimu hiyo.

4. Usisafishe. Kama hadithi ina jambo usilolipenda, liandike vile alivyolisema. Maoni yako yaweke chini, mbali na maneno yake. Snorri alifanya hivyo, akaonya wasomaji, lakini hakufuta.

5. Mwenye kipaji atunge hadithi mupya. Mufano: Ziwa Kivu lina kina cha karibu metre 485, na chini yake kuna gazi nyingi inayoweza kuwaka. Ni nani anayekaa kule chini? Kama ni Mukiti, atasema nini juu ya mashini za kuvuta ile gazi? Na kama binti wa darasa la tatu, anayezarauliwa ju ya kigugumizi, anasikia ngoma ikiimba ndani ya maji, atafanya nini? Endeleeni ninyi. Mutoto huyo hana lazima ya kuitwa Magnus.

Kayee zenu muzilete kwa mwalimu wa maktaba juma la kwanza la muhula. Zilizoandikwa vizuri zitachapwa katika kurasa hizi, kama stensili na wino vinatosha. Sisi wa mwaka wa sita tutakuwa tumeondoka nyuma ya egzamini ya Serikali, lakini yangu nitaiacha. Nimekwisha kuanza na bibi yangu, na mbele ya kuniambia neno moja amenipa kwanza kupasua kuni siku mbili.

MASWALI YA KUONGEA DARASANI

1. Snorri alikuwa Mukristo. Sababu gani aliandika hadithi za miungu ya zamani?

2. Tafuta katika hadithi moja ya kwenu ile mifupa sita ya sehemu ya III. Ni upi unaokosa?

3. Mwindo alifanya vizuri kumurudisha baba yake? Wewe ungefanya nini?

4. Nani ni mwenye nguvu zaidi katika hadithi ya Mwindo: Mwindo, Nkuba, ao Iyangura aliyeshika kamba? Eleza.

5. Taja hadithi moja ambayo bibi ao babu yako aliijua na wewe huijui. Utaipata kwa nani sasa?

Na wale wa tochi: maktaba inafunguliwa saa tisa ya muchana. Kuna mwangaza wa kutosha, na macho hayaumi.